Silsila Iliyokatika: Uhakiki wa Hati za Asili za Silaha za Maafisa katika Vita vya Tanga na Mrima, 1888–1918

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki aina ya matini ambayo kwa kawaida haihesabiwi kuwa fasihi, nayo ni hati ya asili inayoambatana na silaha ya kiunoni ya afisa wa kijeshi. Kwa silaha ya kiunoni tunakusudia bastola na upanga, yaani silaha ambazo afisa alivaa mwilini mwake ili kujilinda na kuonyesha cheo chake, tofauti na bunduki aliyokabidhiwa askari wa kawaida. Kwa hati ya asili tunakusudia maandishi yanayoeleza silaha hiyo ilikuwa ya nani, ilipatikana wapi, na ilipita mikononi mwa akina nani hadi kumfikia mkusanyaji au makumbusho ya leo.

Miongoni mwa wakusanyaji, hati hiyo ndiyo inayopandisha thamani. Bastola mbili zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja zaweza kulingana kwa chuma na kupishana mno kwa bei, kwa sababu moja ina jina la mwenyewe na nyingine haina. Mkusanyaji, basi, hanunui chuma peke yake; hununua na hadithi. Na palipo na hadithi pana msimulizi, mhusika mkuu, mpangilio wa matukio na mambo yaliyonyamaziwa. Swali la makala haya ni hili: katika hati za silaha zilizotokana na vita vya pwani ya kaskazini ya Tanzania, hadithi huanzia wapi, na nani huachwa nje yake? Hoja yetu ni kwamba hati hizi hufuata cheo kabla ya kufuata ukweli, na kwamba mapokeo ya kielimu ya Waswahili yana kipimo kinachofaa kuzipimia.

2.0 Cheo na Karatasi

Katika jeshi la Uingereza la mwaka 1914, afisa alijinunulia mwenyewe upanga na bastola yake. Panga bora za kampuni ya Wilkinson ya London zilipigwa namba, na daftari za kampuni ziliandika mnunuzi. Kwa hiyo, hata miaka mia moja baadaye, mtafiti aweza kutoka kwenye namba iliyo juu ya chuma hadi kwenye jina la mtu, na kutoka kwenye jina hadi kwenye barua, picha na wosia wa familia. Bunduki ya askari ilikuwa mali ya serikali. Ilikuwa na namba pia, lakini namba hiyo ilimtambulisha mwenye ghala na si aliyeibeba. Utaratibu wa manunuzi, kabla ya risasi yoyote kufyatuliwa, ulikwisha kuamua nani ataweza kukumbukwa kwa silaha yake.

Vita vya Tanga vinathibitisha jambo hili. Kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, kikosi cha watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, kilijaribu kuuteka mji. Paul von Lettow-Vorbeck, akiwa na watu wapatao 1,000, alikirudisha baharini. Waingereza waliacha nyuma mamia ya bunduki na bunduki za rashasha 16. Silaha hizo zilihesabiwa kwa jumla, kisha zikagawiwa askari wa upande wa Wajerumani. Katika mapigano hayo alikufa Tom von Prince, aliyejulikana kwa jina la Bwana Sakarani, mlowezi wa Usambara Magharibi na afisa wa zamani wa vita dhidi ya Mkwawa. Jina lake limehifadhiwa vizuri katika masimulizi ya vita vya Tanga. Majina ya askari Waafrika na Wahindi waliokufa siku zile ni nadra kuyakuta katika masimulizi hayohayo.

Tofauti hii ilipewa sura ya kisheria vita vilipokwisha. Tarehe 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck alisalimu amri mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Wazungu waliruhusiwa kubaki kwa muda na silaha zao binafsi, kama heshima kwa jinsi walivyopigana. Askari waliweka za kwao chini. Tukio hili tunalisoma kama chanzo cha tanzu mbili za kumbukumbu. Silaha ya kwanza inabaki kiunoni mwa mtu, nayo yaweza kurithiwa pamoja na jina. Ya pili inaingia katika rundo, na rundo halina wosia. Mkusanyaji wa leo anaposema kwamba silaha ya afisa ina asili iliyothibitika na ya askari haina, anarudia uamuzi wa Abercorn bila kujua kwamba ulikuwa uamuzi.

3.0 Sahihi ya Afisa

Huenda ikajibiwa kwamba hati ya afisa, hata ikiwa na upendeleo, angalau ni ya kweli katika kile inachokisema. Jibu hili halitoshi. Miongoni mwa maafisa wa Kiingereza waliokuwapo Tanga mwaka 1914 alikuwa Richard Meinertzhagen, afisa wa ujasusi, ambaye shajara zake zilizochapishwa zimetumiwa sana kama ushahidi wa vita hivyo. Meinertzhagen alikuwa pia mkusanyaji mashuhuri wa ndege. Miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1967, wataalamu waliochunguza vielelezo vya ndege alivyovitoa kwa makumbusho ya Uingereza waligundua kuwa vingi vilikuwa na vibandiko vya uongo. Vingine vilikuwa vimeibwa kutoka mikusanyo ya watu wengine, kisha vikaandikiwa mahali na tarehe mpya. Shajara zake nazo zikatiliwa shaka.

Mfano huu ni wa ndege na si wa bastola, lakini unahusu mantiki ileile. Kibandiko kilichoandikwa na afisa mwenye cheo, kwa mkono wake, chenye tarehe na mahali, kilikubaliwa kwa sababu ya aliyekiandika. Uongo huo haukugunduliwa kwa kusoma maandishi hayo kwa makini zaidi. Uligunduliwa kwa kuchunguza kitu chenyewe, namna kilivyotayarishwa, na kukilinganisha na vingine. Mhakiki wa hati za silaha ana wajibu huohuo: sahihi ni dai linalosubiri uthibitisho.

4.0 Isnadi na Utenzi

Wanazuoni wa pwani wana istilahi inayofaa hapa. Katika elimu ya hadithi za Mtume, habari haikubaliwi kwa uzuri wa maneno yake tu, bali huangaliwa isnadi, yaani mfululizo wa wapokezi. Kila mpokezi hutajwa kwa jina, huulizwa kama kweli alikutana na aliyemtangulia, na uaminifu wake huchunguzwa. Habari ambayo isnadi yake imekatika huhesabiwa dhaifu, hata kama wapokezi waliobaki ni watu wa heshima.

Tukikitumia kipimo hiki, udhaifu wa hati nyingi za silaha za pwani unaonekana mara moja. Hati ya upanga au jambia lililochukuliwa Mrima mara nyingi humtaja afisa aliyelichukua, mwanawe, mjukuu wake na nyumba ya mnada. Isnadi hiyo ni ndefu, lakini inaanzia kwa mpokezi wa pili. Wa kwanza, yule aliyelivaa, hayumo.

Hapa ndipo Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy unapokuwa na thamani ya ushahidi. Utenzi huu, uliochapishwa mwaka 1955 pamoja na tafsiri ya J. W. T. Allen, unahusu vita vilivyozuka mwaka 1888 baada ya kampuni ya Kijerumani kuanza kutawala miji ya pwani. Huko Pangani kampuni iliwakilishwa na Emil von Zelewski. Bushiri bin Salim aliongoza upinzani, Hermann Wissmann akaja na jeshi mwaka 1889, na Bushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo. Mtunzi anaanza kabla ya mapigano, watu wa pwani wakiwa bado na mamlaka na silaha zao. Kwa hiyo anatupa kile ambacho hati ya mkusanyaji inakiruka.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuupokea utenzi bila kuuhoji. Kama tendi nyingi za vita, unawatazama zaidi wakubwa. Watumwa na wapagazi wamo pembezoni. Cheo kinausimamia utenzi pia, ingawa ni cheo cha upande mwingine. Faida yake ni kwamba unaturudishia kiungo kilichokosekana, na unaonyesha kuwa vitenzi vya hati si maneno matupu. Mwaka 1891 Zelewski aliuawa na Wahehe huko Lugalo, na silaha za kikosi chake zikaingia mikononi mwao. Mwandishi anayesema upanga wa Pangani “ulitekwa” lakini bunduki za Lugalo “ziliporwa” amekwisha kutoa hukumu kabla ya kutoa habari.

5.0 Funzo la Amani

Taasisi ya Baiolojia na Kilimo ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902 katika Usambara Mashariki, haikuwa nje ya vita: wakati wa mapigano iliwatengenezea askari wa Kijerumani mahitaji kama kwinini. Karl Braun, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi hapo kuanzia 1904 hadi 1920, alikusanya vitu vya watu wa Usambara na pwani, ambavyo sasa vimo katika makumbusho ya Stade, Ujerumani. Pamoja navyo ziko shajara zake. Maandishi hayo yana utajiri ambao bastola ya mnadani haina, kwa kuwa yanatoa mazingira ya ukusanyaji siku kwa siku.

Lakini hata utajiri huo umetoka kwa kalamu moja. Shajara inaweza kusema kitu kilipatikana lini. Haiwezi peke yake kusema aliyekitoa alikuwa na uhuru gani wa kukataa. Isnadi ya vitu hivyo itakamilika pale tu masimulizi ya Amani na Muheza yatakapowekwa kando ya shajara kama ushahidi wenye hadhi sawa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa hati ya asili ni matini yenye msimulizi na maslahi. Tunapendekeza mambo matatu kwa watafiti na watunza makumbusho. Kwanza, hati ianze na aliyeivaa silaha, na kama jina lake halijulikani, nafasi yake iachwe wazi na kuonekana. Pili, kitenzi cha upatikanaji kithibitishwe kama vile tarehe inavyothibitishwa. Tatu, tendi na masimulizi ya Kiswahili yaingizwe katika majalada ya silaha hizo kama ushahidi, na yahojiwe kwa ukali uleule unaostahili sahihi ya afisa.