Pongezi kwa Wakulima wa Orchard Park

Wakazi wa Kensington-Bailey, Buffalo, wakielekea kusini hadi Orchard Park watalikuta shamba la Providence Farm Collective, lenye ekari 37. Lilianza mwaka 2017 kwa juhudi za jumuiya ya Wabantu wa Somalia. Wengi wao ni wazao wa Wazigua na makabila mengine ya Tanganyika na Msumbiji, waliouzwa utumwani karne ya 19, wakalima bonde la Juba, kisha vita vya Somalia vikawafukuza wazao hao hadi kambi za Kenya.

Ninachowapongezea zaidi ni ujuzi wanaopeana. Mama aliyelima mahindi na kunde pamoja tangu utotoni hahitaji kuhubiriwa kilimo mseto. Anajua kunde hufunika ardhi na kuilisha, maana vijidudu vya mizizini mwake hunasa naitrojeni ya hewani. Kigeni kwake ni theluji, na hapo mkulima mwenyeji humweleza kwa nini nafaka ya rai (rye) hupandwa kabla ya baridi, udongo usikae wazi. Kila upande ni mwalimu, na ndivyo ipasavyo.

Ndugu msomaji uliye Buffalo, nunua mboga zao.