Ujenzi wa Swali Mkia katika Kiingereza na Mazoea ya Msemaji wa Kiswahili

Msemaji wa Kiswahili anayetaka kuthibitishiwa jambo huitamka kauli yake nzima kisha huifunga kwa «sivyo?», «siyo?» au, katika mazungumzo ya mitaani, «au sio?», na neno hilo halibadiliki, liwe linahusu mtu au kiti, jana au kesho. Kiingereza sanifu hakina neno moja la namna hiyo. Hujenga swali mkia, yaani kishazi kifupi cha kuuliza kinachoambatishwa mwishoni mwa kauli, upya kila mara kwa kutumia viungo vya kauli yenyewe, kiasi kwamba asiyeitambua miundo ya ndani ya sentensi aliyoitamka hawezi kuimalizia.

Viungo hivyo ni vitatu: kitenzi kisaidizi, ambacho hubeba njeo au hali, ukanushi, ambao kwa kawaida hugeuzwa, kauli yakinishi ikapata mkia kanushi na kauli kanushi ikapata mkia yakinishi, na kiwakilishi kinachosimama badala ya kiima. Katika «Asha can swim, can't she?» vyote vitatu viko wazi, na ndiyo maana vitabu vingi hupenda kuanza na mifano ya aina hii, ambayo kwa kweli haimfundishi mwanafunzi mambo mengi. Ugumu huanza pale kitenzi kisaidizi kisipoonekana. Katika «Asha teaches history» hakuna kisaidizi, hivyo Kiingereza hukopa «do» katika umbo linalolingana na njeo na nafsi, na mkia ukawa «doesn't she?» Kitenzi kama «cut», ambacho umbo lake la sasa na la wakati uliopita ni lilelile, hudai uangalifu zaidi: «Juma cut the rope» hufuatwa na «didn't he?», kwa sababu kama tendo lingekuwa la sasa kitenzi kingepata «s».

Mtego mkubwa zaidi kwa msemaji wa Kiswahili umo katika kifupisho «'s», ambacho huweza kuwa «is» au «has», na hapa lugha yake mwenyewe haimsaidii, kwa kuwa kiambishi «-me-» hufanya kazi za pande zote mbili. «Amechoka» na «amefika» zina umbo moja kwa Kiswahili, lakini kwa Kiingereza «He's tired» ni maelezo ya hali yanayotumia «is», na mkia wake ni «isn't he?», ilhali «He's arrived» ni tendo lililotimia linalotumia «has», na mkia wake ni «hasn't he?» Mwanafunzi anayetafsiri kichwani kutoka «-me-» hana kigezo cha kuchagua. Njia inayofaa ni kukirefusha kifupisho kabla ya kujenga mkia, na inashangaza kwamba hatua hiyo ndogo hurukwa katika masomo mengi huku muda ukitumika kukariri «aren't I?» na «shall we?», maumbo ya pekee ambayo hayazidi machache.

Kiwakilishi nacho kina tatizo lake, kwa sababu kiambishi «a-» hakitofautishi mwanamume na mwanamke, hivyo mkia wenye «he» baada ya jina la Asha ni kosa la kawaida. Ukanushi pia huweza kujificha nje ya kitenzi: «Nobody came» ina kitenzi yakinishi kwa umbo, lakini «nobody» tayari limekanusha, na mkia huwa «did they?», vivyo hivyo kwa «hardly» na «never». Wasemaji wengi wa Afrika Mashariki wamelikwepa zoezi hili lote kwa kutumia «isn't it?» baada ya kila kauli, suluhisho ambalo pia husikika India, na hata London, ambako «innit» hutumika kwa namna hiyohiyo. Katika mazungumzo halina ubaya wowote. Katika mtihani huhesabiwa kosa.

Umbo likishakamilika hubaki kiimbo, yaani upandaji na ushukaji wa sauti. Sauti ikipanda kwenye mkia, msemaji anauliza kweli. Ikishuka, ana hakika na anatafuta kuungwa mkono tu.

Jibu, hata hivyo, ndilo linaloleta kutoelewana zaidi kuliko swali. Anayeulizwa «Hujala, sivyo?» naye hajala, hujibu «ndiyo», akimaanisha kwamba kauli ya muulizaji ni sahihi. Kwa Kiingereza, «You haven't eaten, have you?» hujibiwa kwa kuangalia tendo lenyewe, si usahihi wa kauli, kwa hiyo asiyekula husema «no», na mwenye kujibu «yes» kwa mazoea ya Kiswahili huweza kueleweka kuwa ameshiba. Kwa sababu hiyo mwalimu makini huwazoesha wanafunzi wake wasijibu kwa neno moja, bali waongeze kitenzi kisaidizi, «No, I haven't», ili hata neno la kwanza likiteleza, kitenzi kimwoneshe msikilizaji ukweli.