Volti 12 kwenda 220, kisha kurudi 12

Mliokuwepo ruta ile ikifungwa kwenye ofisi iliyo jirani na soko la Baraka mlijionea. Batri ya volti 12, juu yake inveta ya wati 1000, kwenye inveta adapta, na adapta inatoa nini? Volti 12. Ni kuchota maji ziwani, kuyapandisha mlimani, kisha kuyateremsha ufukweni ili unawe miguu.

Tupige hesabu. Ruta ya namna ile hula wati 6 hivi. Inveta ya ukubwa ule huweza kula wati 10 kwa kuwaka tu. Ongeza umeme unaopotea njiani, tunafika 17. Batri ya Ah 100, ukiitumia nusu ili isife mapema, inakupa Wh 600, yaani saa 35. Kwa konveta ndogo ya DC zingekaribia 90. Katika mji unaoishi kwa paneli na jenereta, huo ni uharibifu.

Fundi anajitetea kwamba kompyuta za mezani zinataka inveta vilevile. Mchana, sawa. Saa mbili usiku kompyuta zimezimwa, simu bado ziko WhatsApp, na feni ya inveta inavuma peke yake. Wala sisemi waya uungwe batrini hivihivi: paneli zikichaji, batri ya asidi hupanda hadi volti 14.4, kisha usiku hushuka chini ya 12. Konveta iwe ya kupandisha na kushusha, na fyuzi ikae karibu na batri.

Kebo alizibana vizuri.

Ruta yenyewe ina antena nne, maana wauzaji wetu bado wanapanga bei kwa kuhesabu antena. Nimeshapiga kelele hapa hadi nimechoka. Zile kompyuta za ofisini, Pentium 4 zenye kadi za 802.11g, haziioni GHz 5, na Windows XP huishia WPA2. Fundi akaweka WPA3 tupu! Zikagoma, bila shaka.

Linksys WRT54GL ya 2005 isingemsumbua hivyo. Na TL-MR3020 ya TP-Link ilitosheka na volti 5 za USB, modemu ya laini ya simu unaichomeka ubavuni. Kwa nje haikuwa na antena hata moja.