Mambo na Kamba

Jiko la kogo wangu, yaani nyanya yangu, pale Kapsoit, lilikuwa la msonge. La zamani lilipoanza kuinama, mjomba alikuja na panga, kamba ya katani na kijiti kimoja. Nilikuwa kidato cha pili, nikatarajia aanze na pembe nne kama tulivyofundishwa. Yeye alitembeatembea, akatazama maji ya mvua yanakokimbilia, akapigilia kijiti ardhini. "Hapa," akasema. Kijiti cha namna hiyo huitwa mambo. Akafunga kamba kwenye mambo yake, akaivuta mpaka ikakaza, akazunguka huku ncha ya panga ikikwaruza udongo mwekundu. Hata chai haijapoa, jiko lilikuwa limechorwa.

Siku hizi kazi yangu ni kuhesabu kama kuta za matangi na mabomba zitastahimili, na kila ninapoanza humkumbuka mjomba. Kabla ya hesabu yoyote lazima uamue mahali patatajwaje. Tumezoea namna ya René Descartes, ambaye jiometri yake ilichapishwa mwaka 1637: hatua kadhaa kulia, kadhaa juu. (Mwenyewe wala hakuwa mfungwa wa pembe mraba kama tulivyo sisi.) Njia hiyo inalifaa banda la ng'ombe. Lakini tangi la maji nyuma ya nyumba halijui kulia wala kushoto. Linajua umbali kutoka katikati, na kimo.

Programu za wahandisi hukikata kitu vipande vidogo, zikahesabu kila kipande, kisha zikajumlisha. Ndiyo njia ya fainaiti elementi. Kulikata tangi zima ni kazi ya maelfu kwa maelfu ya vipande. Ukishapigilia mambo yako katikati, unahitaji mkato mmoja tu, kutoka kitovuni hadi ukutani, kama uso wa kipande cha keki. Kinachotokea hapo ndicho kinachotokea mzunguko mzima. Kompyuta ya kawaida ya mezani inatosha, na nafasi inabaki.

Ila programu haijui kwamba umepigilia mambo. Mimi hutumia FEniCS, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2003 na watafiti wa Chicago na wa Chalmers, Sweden. Ukiipa ule mkato, kwake ni bapa tu la mstatili. Ni juu yako kuiambia kwamba kipande kilicho mbali na kitovu kinazunguka njia ndefu kuliko cha karibu, kwa hiyo kila kipande kizidishwe kwa umbali wake.

Nilisahau. Tangi langu lilikuwa la kipenyo cha mita 2 na kimo cha mita 2. Nilizidisha kwa mzunguko, yaani mara mbili ya pai, lakini umbali nikauacha. Programu haikulalamika, ikanichorea rangi za kupendeza, bluu hadi nyekundu. Siku mbili nzima niliziamini. Kilichoniokoa ni swali la kitoto: tangi hili linajaa lita ngapi? Jibu sahihi ni 6,283. Programu ikasema 12,566. Nilipomsimulia mjomba alicheka mpaka akashika kiuno. "Hilo tangi lako niuzie," akasema, "nitauza maji Kericho nzima." Tangu hapo sisomi matokeo yoyote kabla sijaiuliza programu ujazo.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Sukuma ukuta ulionyooka, wote kwa pamoja, milimita moja kwenda nje. Umehama, lakini haukuvutika popote. Sasa fanya hivyo kwa ukuta wa duara wenye nusu kipenyo cha mita moja. Kila nukta imekwenda nje milimita moja ileile, lakini mzingo umeongezeka zaidi ya milimita sita. Ukuta umevutika, ingawa hakuna nukta iliyoipita jirani yake. Sababu ni kwamba "nje" yenyewe hubadilika: nje ya mlangoni siyo nje ya nyuma ya jiko. Anayezunguka msonge anajua hilo kwa miguu. Programu inayohesabu kwa kulia na juu hailijui mpaka uandike kwa mkono: msogeo ugawanywe kwa umbali kutoka kitovuni.

Mvutano huo wa mzingo ndio unaopasua. Katika silinda nyembamba iliyozibwa ncha zote mbili, kama boila la kiwanda cha chai, mvutano wa kuzunguka ni mara mbili ya ule wa kwenda kwa urefu. Tazama soseji kikaangoni: haikatiki katikati, hupasuka kwa urefu wake.

Njia hii ina kiburi chake pia. Toboa ukuta uweke bomba la kutolea maji, au acha upepo uupige upande mmoja tu, na mkato wako unakuwa shahidi wa uongo, maana mzunguko haufanani tena. Hapo unarudi kwenye maelfu ya vipande bila kuona haya.

Na kitovu chenyewe ni mahali pa hatari. Umbali pale ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuna. Programu hukwepa kwa ustaarabu: nukta inazopimia, zinazoitwa kwa jina la Gauss, hukaa ndani ya vipande, kwa hiyo hakuna inayokanyaga katikati kabisa. Mjomba naye, alipomaliza kuchora, aling'oa mambo na kuchimba shimo palepale. Ikasimama nguzo, na kogo akatundika juu yake kibuyu cha maziwa ya mursik.