Kipaji Kinahitaji Kipindi

Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano: 16 za zamani na 49 mpya, zikiwa katika makundi saba. Makundi mawili kati ya hayo yaliwahusu vijana ambao kwa miaka mingi waliambiwa kwamba mpira na ngoma ni mambo ya baada ya masomo: la michezo na la sanaa. Wengi walijadili wingi wa tahasusi. Kilichostahili kujadiliwa zaidi ni mlango uliofunguliwa, kwa kuwa ndio unaoamua kama shule ya umma katikati ya jiji, kama zile zinazohudumia Makole na kata jirani hapa Dodoma, inaweza kulea vipaji kweli.

Tuanze na shule iliyotangulia. Makongo ya Dar es Salaam ni sekondari ya Jeshi la Wananchi. Ikiongozwa na Kanali Idd Kipingu, ambaye baadaye alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Michezo la Taifa, ilipata jina nchi nzima kwa michezo. Ikiwa shule ya jeshi, ilikuwa na nafasi ya kumpokea kijana kwa sababu ya kipaji chake, na ilikuwa na nidhamu ya kuyafanya mazoezi kuwa wajibu.

Shule ya serikali ya mjini haina nafasi hiyo. Kidato cha kwanza hupangiwa wanafunzi na TAMISEMI baada ya matokeo ya darasa la saba, na wengi hupelekwa shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani. Tangu ada ilipofutwa Januari 2016, madarasa yamezidi kufurika. Mkuu wa shule anapokea anaoletewa. Golikipa hodari yuko kata hii, mshambuliaji yuko ile, mpiga zeze yuko kijijini Chamwino, na hakuna utaratibu wa kuwakutanisha.

Kidato cha tano ni tofauti. Mwanafunzi anajaza Selform, yaani fomu ya machaguo, anachagua tahasusi, na Serikali inampangia shule inayofundisha tahasusi hiyo. Ndiyo maana waliomaliza kidato cha nne mwaka 2023 walipewa muda wa kubadili machaguo yao baada ya tangazo lile. Kwa njia hii shule ya umma inaweza kukusanya vipaji kutoka kila kona bila mkuu wa shule kuvunja utaratibu wala kupendelea mtoto wa mtu. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeongeza njia nyingine chini ya kidato cha tano: mkondo wa amali, ambao unaingiza michezo na sanaa bunifu tangu kidato cha kwanza.

Mtu atauliza: si tuna mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari? Tunayo, na yana heshima yake. Mtoto anapanda kutoka timu ya shule hadi wilaya, mkoa na taifa, anaonekana. Lakini mashindano huchagua, hayafundishi. Kambi ikivunjwa, anarudi shuleni kwake, na pengine huko hakuna hata mtu wa kumsahihisha namna anavyoweka mguu wa kuegemea anapopiga mpira. Kinachomjenga ni wiki zote za kawaida zilizobaki, na wiki za kawaida zinatawaliwa na ratiba ya masomo.

Hapo ndipo kazi ya kiufundi ilipo. Chukua kipindi cha dakika 40 na darasa la wanafunzi 45. Kubadili nguo na kwenda uwanjani, dakika 10. Kunawa na kurudi, dakika 10. Zinabaki 20 za kujifunza. Vipindi viwili vya namna hiyo kwa wiki vinatoa dakika 40. Viunganishe viwe kipindi pacha cha dakika 80: safari ni moja, na zinabaki 60. Shule haijaongeza saa hata moja, lakini mazoezi yameongezeka kwa nusu. Kisha ligawe darasa katika vituo vitano vya wanafunzi tisa, kimoja pasi, kimoja mbio fupi, kimoja kuruka, kimoja kudaka, kimoja kupima na kuandika matokeo, wazunguke kila baada ya dakika 12. Hakuna anayesimama pembeni akisubiri mpira mmoja.

Saa ya kipindi hicho nayo si jambo dogo. Mvua za Dodoma huanza Desemba na kuisha Aprili, na miezi iliyobaki ni jua na vumbi. Kuweka michezo saa nane mchana, kwa mazoea kwamba ni somo la mwisho, ni kumchosha mtoto bila kumfundisha. Kipindi pacha kikae asubuhi, jua lingali chini.

Kwa upande wa sanaa, Dodoma ina mtaji ambao haununuliwi. Wagogo wana ala za ilimba, izeze na ndono, na uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana na kukutana. Katika ngoma ya muheme wanawake hubana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, kila mmoja akiwa na pigo lake linalojaza pengo la mwenzake. Kwa mwalimu hilo ni somo kamili: kuhesabu, kusikiliza, kuingia kwa wakati. Hukwe Zawose alitoka katika utamaduni huu, akaupeleka Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kwenye majukwaa ya dunia. Mcheza kwao hutunzwa, na shule ya Dodoma itakayomwalika fundi wa Chamwino kufundisha pamoja na mwalimu wa muziki itakuwa imepata ujuzi usiopatikana kwenye kitabu.

Walimu wapo wa kuandaliwa. Chuo cha Bagamoyo kinafundisha sanaa, cha Malya kinafundisha michezo, na cha Butimba kimeandaa walimu wa fani hizi. Ila shule huomba mwalimu kulingana na vipindi vilivyopo. Somo lisilo na kipindi halina hoja ya kuombewa mwalimu.

Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03. Yeye pia ni mwanajeshi. Tangu Makongo hadi Tokyo, jeshi limetuonyesha taasisi ya umma inaweza kufanya nini ikimpa mtu muda wa mazoezi na usimamizi. Shule za serikali ni taasisi ya umma kubwa kuliko jeshi, na zina watoto wengi wa nchi hii.

Kwa hiyo mzazi wa Makole akienda kwenye kikao cha shule inayojiita ya michezo au sanaa, asiulize kwanza makombe. Aombe kuona ratiba: kipindi pacha kiko wapi, saa ngapi, na jina la mwalimu lililoandikwa pale ni la nani. Vitatu hivyo vikikosekana, shule hiyo bado haijaanza.