Fundi Anayewinda Baridi

Kumwua kunguni kwa joto si jambo gumu. Bibi zetu walilifanya bila kipimajoto: kitanda kilitolewa uani, maji yaliyochemka yakamiminwa kwenye matendegu na kwenye kila kiungo cha mbao, godoro likaanikwa juani na kupigwa fimbo mpaka jioni. Aliyekuwa kwenye njia ya maji alikufa. Ugumu uko kwa yule ambaye hakuwa njiani: aliyejibanza kwenye mshono wa kochi, nyuma ya soketi, kwenye uti wa kitabu, chini ya zulia lililolalia zege. Huyo ndiye anayeijaza nyumba upya. Kuna mafundi ambao riziki yao ni kumfuata huyo huko huko alikojificha, wakiwa na hita za kubebeka, feni na vipimajoto, chumba kizima kikipashwa moto tangu asubuhi huku wenyewe wakisubiri nje. Wanaitwa mafundi wa joto. Ukiwatazama kazini utaona jina hilo limekosea kidogo, maana kinachowahangaisha siku nzima ni baridi: iko wapi, imejificha nyuma ya nini, na itatoka lini.

Ufundi huu umekomaa Amerika Kaskazini, na kilichousukuma ni dawa kushindwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili DDT ilikaribia kumfuta kunguni Marekani, ingawa tangu miaka ya 1940 huko Hawaii walishaonekana kunguni wasioijali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakarudi kwa kishindo, mahotelini na kwenye nyumba za kupanga. Mwaka 2007 Alvaro Romero, Michael Potter na Kenneth Haynes wa Chuo Kikuu cha Kentucky, mjini Lexington, walionyesha kwamba kunguni waliokusanywa Kentucky na Ohio walikuwa sugu kupita kiasi kwa pairethroidi, kundi la dawa ambalo wapulizaji wengi walilitegemea.

Lexington hiyo hiyo ni mmoja wa miji ya Marekani ambako Kiswahili husikika madukani na kwenye mabasi, kwa sababu ya familia nyingi za Wakongo waliopewa makazi huko. Kwa hiyo si ajabu fundi akabisha hodi na kupokewa kwa Kiswahili, kijana wa shule akawa mkalimani, na mama wa nyumba akauliza kwanza kabisa: "Mwanangu, dawa mtapuliza saa ngapi?" Hakuna dawa, mama. Ni joto tupu. Mama hukunja uso, na simlaumu. Mtu aliyezoea kuona kazi ikifanyika kwa pampu mgongoni na harufu inayokaba koo atawezaje kuamini kwamba feni na hita zitafanya lililoishinda dawa?

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1916 W. A. Ross aliandika katika jarida la wadudu la Kanada kuhusu kuangamiza kunguni kwa kuipasha nyumba joto kali. Kilichoongezeka tangu hapo ni vipimo. Stephen Kells na Michael Goblirsch wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichapisha mwaka 2011 takwimu ambazo kila fundi makini anatembea nazo kichwani. Kunguni mzima hufa mara moja akifikiwa na nyuzijoto 48.3 za Selsiasi. Yai linataka 54.8. Joto likikomea nyuzi 48, yai huhitaji kukaa humo kama dakika 72. Likikomea 45, wakubwa humalizika kwa muda wa saa moja na nusu hivi, lakini mayai yalivumilia hata saa saba.

Tofauti ya nyuzi tatu tu, na ndani yake mna kazi nzima. Kona iliyofika 48 na kukaa hapo imepona. Kona iliyoishia 45 itaonekana imepona: maiti zimetapakaa sakafuni, familia inashangilia, fundi analipwa. Lakini yai lenye urefu wa milimita moja, lililogandishwa kwa gundi nyuma ya ubao, liko salama, na siku si nyingi matunutu wadogo wenye rangi ya makapi watatoka kutafuta damu. Ndiyo maana fundi halengi 48. Hupandisha hewa ya chumba hadi kati ya 55 na 60 na kuishikilia hapo kwa saa kadhaa, ili kona yenye ukaidi kuliko zote nayo ifike.

Fundi mzuri haanzi na hita. Anaanza na tochi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huyu hana budi kuwajua kunguni wa vitanda ambavyo hatalalia kamwe. Anasoma madoa meusi kwenye pembe za godoro, maganda yaliyovuliwa kwenye chaga, vumbi la mayai matupu nyuma ya picha ukutani. Kisha anaisoma nyumba yenyewe. Ukuta upi unatazama nje? Chini ya sakafu kuna nini: fleti ya jirani iliyo na joto lake, au zege lililokaa juu ya ardhi? Bomba la maji baridi linapita wapi? Anaweka kiganja ukutani, anasogea, anakiweka tena. Kabla hajaunganisha waya hata mmoja, ameshajua ni kona gani zitamsumbua saa nane mchana.

Maandalizi yana mambo mengi na sitayapitia yote. Vinavyolipuka hutoka: makopo ya kupuliza, viberiti vya gesi. Vinavyoharibika hutoka: mishumaa, insulini na dawa nyingine, chokoleti, santuri, gitaa, mimea, samaki wa tangi. Kinachosahaulika na mafundi wachanga ni dari. Fleti nyingi za Marekani zina vinyunyizio vya kuzimia moto, na kile cha kawaida, chenye kichupa chekundu, hupasuka kwenye nyuzi 68. Kipo pia cha rangi ya machungwa kinachopasuka kwenye 57. Ukikipuuza, fleti tatu za chini zitaoga. Na kuna nguo. Familia iliyoambiwa ijiandae kwa kawaida hufungasha kila kitu kwenye mifuko na kuipanga vizuri pembeni, kwa nia njema kabisa. Fundi hulazimika kuifungua tena yote, maana furushi la nguo ni blanketi: katikati yake joto halifiki mpaka usiku.

Umeme ni somo lake peke yake. Soketi ya kawaida ya nyumba ya Marekani ni volti 120 kwenye saketi ya ampea 15. Hita ya wati 1,500 hula ampea 12.5, kwa hiyo mbili zikikutana kwenye saketi moja swichi inajikata na chumba kinaanza kupoa bila mtu kujua. Fundi hufungua kisanduku cha umeme, akajaribu soketi moja moja, akachora ramani: hii ni ya jikoni, hii ya bafuni, hizi mbili ni ndugu. Halafu anavuta nyaya kutoka vyumba vyote, na pengine kutoka kwenye soketi ya jiko yenye volti 240. Wenye mitaji mikubwa huja na jenereta, au na hita za gesi zinazobaki nje na kusukuma hewa ya moto ndani kwa mabomba mapana ya kitambaa. Mimi huwapenda zaidi hawa wa nyaya. Wanazinyoosha sakafuni kwa utaratibu, bila hata moja kuachwa imejikunja, kwa sababu waya uliokunjwa hujipasha wenyewe, na humu ndani patakuwa na nyuzi 57 tayari.

Kisha hita zinawashwa, na mtu asiyejua atadhani kazi imekwisha. Hewa ya moto hupanda. Ukiiacha ifanye itakavyo, baada ya saa mbili dari itachoma kiganja na nyayo zako zitakuwa bado kwenye ubaridi. Mpishi wa wali wa mkaa anajua kwamba moto wa upande mmoja hauivishi sufuria, ndiyo maana anapalia makaa juu ya kifuniko. Chumba kina tatizo hilo hilo lililopinduliwa: joto limejaa juu, na fundi hana makaa ya kuweka chini. Ana feni tu. Anaielekeza moja kwenye kona, imelala kidogo ili hewa iteleze kando ya ukuta. Ya pili inaipokea kwenye kona inayofuata. Ya tatu inaipiga chini ya kitanda. Anashika kipande cha karatasi laini karibu na skatingi na kutazama kama kinacheza. Kikitulia, hapo hewa imelala, na penye hewa iliyolala ndipo kunguni atakapopona. Anasogeza feni hatua moja, anajaribu tena. Nadhani hapa ndipo ustadi wake unapoonekana kuliko popote.

Vipimajoto vyake navyo havipimi panapopata moto. Kimoja tu huachwa hewani, kumwambia asivuke mpaka. Vingine vyote hupelekwa mahali pabaya: kati ya godoro na fremu, chini kabisa ya droo ya mwisho, ndani ya mto wa kochi, ukingoni mwa zulia palipo na ukuta wa nje. Namba zinamfikia kwenye simu akiwa ndani ya gari lake. Hewa inasoma 52 huku moyo wa kochi ukisoma 33. Baada ya saa nzima hewa ni 56, kochi 39. Wakati huo fundi mchanga anashawishika kuongeza hita. Mwenye uzoefu anauliza kwa nini hewa haifiki. Kuongeza joto kutapasua ubamba wa mbao wa kabati na kukunja plastiki za watoto, na kochi litabaki pale pale. Wala hawezi kwenda polepole mno, kwa kuwa joto linalopanda taratibu humpa kunguni muda wa kujikokota hadi ndani ya ukuta.

Kwa hiyo anaingia. Hakuna namna ya kuikwepa sehemu hii, na haionekani kwenye matangazo ya kampuni. Ndani ni nyuzi 55 au zaidi, hewa kavu, zipu ya ovaroli inachoma shingo, miwani ya chuma haivaliki. Ameshakunywa maji ya kutosha na mwenzake amesimama mlangoni kumhesabia dakika. Anasimamisha godoro, anapindua kochi miguu juu, anazungusha droo, anachambua nguo kama mtu anayepepeta, anavuta kabati mbali na ukuta, anatoka. Anapumzika, anakunywa, anarudi. Kila kilichogeuzwa ni upande mwingine wa baridi uliofichuliwa. Wakati huo kunguni wenyewe hujitokeza mchana kweupe, wanakimbia ukutani bila mwelekeo, wengine wanadondoka. Joto dogo la mwili ndilo huwaongoza usiku, katika hatua za mwisho za kumfikia aliyelala; hili kubwa linawatimua.

Baadhi yao hujaribu kupita kwenye soketi na matundu ya mabomba kuelekea kwa jirani, na fundi aliliona hilo mapema. Kabla ya kuwasha chochote ameshapuliza unga wa silika nyuma ya vifuniko vya soketi na kwenye nyufa za ukuta wa pamoja. Unga huo hunyonya nta iliyoufunika mwili wa mdudu, akakauka na kufa. Pia unabaki, jambo ambalo joto haliwezi. Huu ndio udhaifu mkubwa wa njia hii, na fundi mkweli huusema kabla ya kupokea pesa, ambazo kwa fleti moja mara nyingi hupita dola elfu moja: hita zikizimwa hakuna ulinzi wowote, na mgeni wa kesho anaweza kuja na kunguni kwenye begi lake. Wapo wanaokwepa gharama hiyo kwa kununua hita za dukani na kujifungia nazo. Nyumba zimeungua kwa njia hiyo.

Kwa mwenye mfuko mdogo kuna jambo la busara zaidi. Roberto Pereira, Philip Koehler na wenzao wa Chuo Kikuu cha Florida walieleza mwaka 2009 jinsi ya kukusanya kitanda na makochi katikati ya chumba, kuyazungushia mbao nyepesi za povu mpaka yawe ndani ya sanduku, na kupasha sanduku hilo tu kwa hita ndogo na feni, huku kingo za chumba zikishughulikiwa kwa dawa. Nikifikiria nyumba zetu za Mombasa au Mwanza, zenye matundu ya hewa juu ya madirisha na bati lisilo na dari, naona sanduku hilo lingetufaa kuliko kupasha chumba kizima. Chumba kile kilijengwa kitoe joto, na soketi yetu moja ya ampea 13 haitoi zaidi ya kilowati tatu.

Jioni, vipimajoto vyote vikiwa vimepita 50 na kukaa huko kwa muda uliotakiwa, hita zinazimwa lakini feni zinaachwa, ili vitu vipoe taratibu bila kupasuka. Fundi anarudisha vitanda mbali kidogo na ukuta na kuweka chini ya kila tendegu kikombe cha plastiki chenye kuta laini, ambamo kunguni huingia asiweze kutoka. Mayai huanguliwa kwa siku sita hadi kumi hivi nyumba ikiwa na joto la kawaida, kwa hiyo atarudi baada ya wiki mbili kuvitazama. Akikuta tunutu ndani ya kikombe hatamwuliza mama alifanya nini. Atafungua rekodi ya siku ile, namba zote za kila kipimajoto kwa kila dakika, na kutafuta ni kona gani ilichelewa.