Radhi na Shukrani katika Malezi ya Kijana: Kuisoma Upya Rosa Mistika

Neno "radhi" katika Kiswahili limebeba maana mbili. Kuomba radhi ni kuomba msamaha. Radhi ya mzazi ni baraka ambayo mtoto akiikosa huhesabiwa kuwa ameangamia. Mwana Kupona, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, alimhimiza atafute radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Zote hutoka juu, nazo huombwa na aliye chini. Mkubwa kumwomba radhi mdogo ni jambo adimu.

Suala hili sasa limepata uzito mpya. Mwaka 2021 Tom Osborn na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule nne za sekondari nchini Kenya, miongoni mwa vijana 413 wa miaka 13 hadi 18. Waliopewa mafunzo yaitwayo Shamiri walikutana mara nne tu, wakiongozwa na vijana waliomaliza shule karibuni. Walifundishwa kwamba mtu aweza kubadilika, wakafundishwa kushukuru, na kuyatambua wanayoyathamini. Dalili zao za sononeko na wasiwasi zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Jina la mafunzo hayo limechaguliwa vyema. Hata hivyo, mambo hayo matatu yalitolewa kwa pamoja, hivyo haiwezekani kusema kuwa shukrani pekee ndiyo iliyoponya. Na msamaha haumo katika orodha hiyo.

Hapo ndipo riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), inapofaa kusomwa upya. Zakaria anampiga Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana. Kuulaumu ukali wa malezi hayo ni sawa, lakini hakutoshi, maana ukali huweza kurekebishwa. Kinachokosekana katika nyumba ile ni baba kumwendea binti na kukiri. Rosa anakua bila kuombwa radhi, wala hajifunzi kujisamehe. Charles anapomkataa, anakuwa kama anayethibitisha hukumu ambayo msichana amekwisha kujipa. Anajiua, na bado lawama baina ya baba na binti zinafikishwa mbele ya Mungu.

Mwalimu wa Mutuini, upande wa Dagoretti, magharibi mwa Nairobi, anayetaka kuwazoesha wanafunzi wake kushukuru, angefanya vyema kuisoma riwaya hii pamoja nao kwanza. Zoezi la kawaida la shukrani ni kumwandikia barua mtu aliyekutendea wema. Rosa angeweza kumwandikia mama yake, Regina. Akilazimishwa kumwandikia Zakaria, barua hiyo ingekuwa utii uliovikwa jina la shukrani, na kijana wa miaka 16 huitambua tofauti hiyo hata asipoitamka. Swali la kuanzia darasani laweza kuwa jepesi: ni katika ukurasa upi Zakaria angaliweza kusema, "Niwie radhi, mwanangu"?